Blanketi la Krismasi kwa miraba ya bibi: mraba mmoja mkubwa, midogo themanini, au kumi na miwili?

Agosti ndiyo ya kuamua. Mtu anayefuma jioni tu, baada ya kazi na watoto wakishalala, akitaka blanketi la kroshia la miraba ya bibi, ile inayofumwa kuanzia katikati kwenda nje, liwe limekamilika kabla mabasi ya Desemba hayajaanza kujaa, basi Agosti uzi uwe umeshaingia ndani. Mimi la kwanza nililianza katikati ya Oktoba. Tarehe 23 Desemba nilikuwa ndani ya basi kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi, begi la miraba miguuni, naunganisha huku mama wa siti ya pembeni akinishikia donge la uzi. Nilifika Marangu blanketi likiwa limepungua mistari miwili. Bibi alijifunika miguu, akasema, "Limenitosha, mjukuu wangu." Halikumtosha. Siku nzima ya Krismasi nilimwona akilivuta lifike magotini, likiachia vidole.

Tangu hapo nimefuma mengine mawili, kila moja kwa mpango wake, na yote matatu yapo nyumba ileile, yanatumika na kufuliwa. La kwanza ni la miraba midogo mingi. La pili ni mraba mmoja uliokua mpaka ukawa blanketi. La tatu lina miraba kumi na miwili ya wastani. Ninayolinganisha hapa ni hayo, ninayoyakunja kwa mikono yangu kila nikienda nyumbani.

Kuna jambo la kuweka mbele kabla ya hesabu. Krismasi ya Kilimanjaro haina baridi kali. Kuanzia Desemba hadi Februari Moshi mjini ni joto, na hata huko juu Marangu jioni ya sikukuu khanga begani inatosha. Baridi yetu ni Juni, Julai na Agosti, ukungu unaposhuka migombani na jua lisionekane mpaka saa tano. Blanketi unalompa mtu tarehe 25 Desemba litaanza kazi yake hasa miezi sita baadaye. Kwa hiyo kila chaguo hapa nimelipima kwa swali moja: Julai litafaa?

Mraba wenyewe

Aliyewahi kufuma vitambaa vya makochi atauelewa mraba wa bibi jioni moja. Unafuma cheni nne, unaziunga ziwe kijiduara, kisha ndani yake unaingiza mafungu manne ya nguzo tatu tatu. Nguzo naita kile kishono kirefu, unachozungushia uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuchoma. Kati ya fungu na fungu unaacha cheni mbili, na hizo ndizo pembe nne za mraba. Kuanzia mzunguko wa pili kila pembe inapokea mafungu mawili yenye cheni mbili katikati, na kila nafasi ya pembeni inapokea fungu moja. Basi. Hakuna kingine cha kukariri.

Uzuri wake ni kwamba unakua kwa hesabu iliyonyooka. Mzunguko wa kwanza una mafungu 4, wa pili 8, wa tatu 12, na kila unaofuata unazidi uliotangulia kwa manne. Ukijua hilo unaweza kupiga hesabu ya blanketi zima kabla hujanunua hata donge moja. Laiti ningeipiga mwaka ule wa Oktoba.

Vipimo vyangu ni vya uzi wa unene wa kati na sindano ya milimita 5. Kwa mkono wangu kila mzunguko unaongeza sentimita 3 hivi kwenye upana wa mraba. Wako unaweza kutofautiana. Fuma mraba mmoja wa mizunguko mitano, pima kwa futi, ndipo uendelee na hesabu.

Midogo themanini

Mraba wa mizunguko mitano unatoa sentimita 15. Ukipanga minane kwa kumi unapata blanketi la sentimita 120 kwa 150, la kutosha mtu mzima aliyekaa kitini au mtoto kitandani. Kila mraba una mafungu 60, kwa hiyo jumla ni 4,800. Hiyo namba inatisha lakini haichoshi, maana unaifikia kidogo kidogo: mraba mmoja kwangu ni kama dakika 35, na kila ukimaliza mmoja kuna kitu cha kuweka juu ya rundo.

Kinachochosha ni ncha za uzi. Mraba wa rangi tatu una ncha sita, ya kuanzia na ya kumalizia kila rangi. Sita mara themanini ni ncha 480, na kila moja inatakiwa kufichwa kwa sindano ya kushonea, mbele na nyuma, la sivyo itachomoka blanketi likifuliwa mara ya pili. Halafu kuna kuunganisha: viungo 142, kila kimoja sentimita 15, yaani mshono wa zaidi ya mita 21. Hapo ndipo Oktoba yangu ilipoishia. Kufuma nilimaliza mapema Desemba. Ncha na viungo ndivyo vilivyonipandisha basini na kazi mkononi.

Hata hivyo mpango huu una faida ambayo mipango mingine haina, na kwa anayeishi Dar au Tanga ni kubwa sana. Miraba midogo haina joto. Novemba jijini, feni ikizunguka hewa ya moto, hakuna anayetaka kilo nzima ya uzi mapajani. Mraba mdogo unakaa kiganjani. Unaingia kwenye pochi, unafumwa kwenye foleni ya hospitali, kwenye daladala, kwenye kikao cha vikoba. Ukikosea, unafumua mmoja. Na panya au cheche ya moto ikitoboa blanketi baada ya miaka miwili, unakata mraba ulioharibika na kuweka mwingine. Hilo nimeshalifanya, na ukiangalia huoni palipozibwa.

Dawa ya ncha ipo: ficha palepale. Usiweke mraba kwenye rundo kabla hujazificha ncha zake sita. Anayejijua kwamba hawezi kushika utaratibu huo asichague midogo.

Mraba mmoja mkubwa

Huu unaanza vilevile, ila husimami. Mizunguko 40 inakupa sentimita 120 kila upande, na mafungu yote ni 3,280. Hakuna kuunganisha kabisa. Hata ukibadilisha rangi kila mzunguko, ncha ni 80 tu. Kwa kuangalia karatasi, mtu atasema huu ndio mpango wa mwenye akili, na kwa aliye mwanafunzi wa kroshia nakubali: unarudia kitu kimoja mpaka mkono unajua wenyewe.

Matatizo yake yanakuja baadaye. Mizunguko ya mwanzo inakwisha upesi na kukupa furaha ya haraka. Wa arobaini una mafungu 160 na unakula jioni nzima. Kazi inakuwa nzito, inaburuta sakafuni, na hutoki nayo tena nyumbani. Langu nilianza kulifuma Dar likanishinda joto, nikalipeleka Marangu likizo ya Juni na kulimalizia huko. Kule lilikuwa neema, maana linakufunika magoti wakati unalifuma. Anayeishi Njombe, Makete au Limuru anaweza kuuchagua mpango huu bila wasiwasi.

Tatizo la pili ni kupotoka. Ukifuma kuelekea upande mmoja siku zote, baada ya mizunguko kumi na kitu utaona pembe zimeanza kusogea pembeni, kama usukani uliokatwa kidogo. Kwenye mraba mdogo hali hiyo haionekani, kwenye mkubwa inaharibu umbo. Tiba ni kugeuza kazi kila ukimaliza mzunguko, mmoja unafumwa upande wa mbele na unaofuata upande wa nyuma. Nililigundua hilo kwenye mzunguko wa 17, nikafumua saba.

Tena, mraba ni mraba. Mtu na kitanda ni virefu. Ukitaka 120 kwa 150, usianze na kijiduara; anza na cheni ndefu ya sentimita 30, uizungukie kwa mafungu pande zote mbili, ukiweka pembe mbili kila ncha. Tofauti ya urefu na upana itabaki sentimita 30 hadi mwisho, hata likue kiasi gani.

Kumi na miwili

Huu ndio ninaoupendekeza kwa watu wengi, na sababu yangu si kwamba uko katikati.

Mraba wa mizunguko 13 unatoa sentimita 39. Mitatu kwa minne, ukiongeza pindo pembeni, unapata kama 120 kwa 160. Mafungu ni 364 kwa kila mraba, 4,368 kwa yote, karibu sawa na midogo. Lakini angalia kwingine: kwa rangi tano kila mraba, ncha zinakuwa 120 badala ya 480. Viungo ni 17 badala ya 142, mshono usiofika mita 7. Jumamosi moja inatosha kuunganisha blanketi zima, na mchana unapata nafasi ya kupika.

Uzito wa mraba mmoja ni kama wa kofia mbili, unabebeka. Na kumi na miwili ni idadi inayogawika kwenye familia. Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Blanketi la tatu tulilifuma watu wanne: mimi, dada yangu wa Arusha, shangazi, na binamu anayesoma Dodoma, miraba mitatu kila mmoja. Bibi alilipogeuza upande wa nyuma alijua mkono wa nani uko wapi, akawa anaonyesha kwa kidole.

Mikono mingi ina sharti lake. Kuna mwenye mkono mkazo na mwenye mkono mlegevu, na kwa mizunguko 13 ileile mmoja atatoa sentimita 36 na mwenzake 42. Msikubaliane idadi ya mizunguko tu, kubalianeni kipimo. Kila mmoja afume mraba wa majaribio, aupime, mwenye mkono mkazo apande sindano ya 5.5 na mlegevu ashuke 4.5. Tofauti ya sentimita moja inavutika. Lowanisha mraba, ubane kwa pini kwenye godoro kwa kipimo unachotaka, uache ukauke. Usipige pasi.

Uzi gani

Uzi wa akriliki, ule ambao maduka ya Kariakoo wanauita tu uzi wa sweta, ndio rahisi kupatikana katika rangi nyingi. Ni mwepesi, haunywi maji sana, ukifuliwa asubuhi jioni umekauka, na mara nyingi hautoi rangi. Udhaifu wake ni moto. Unayeyuka. Pasi ya moto inaulegeza mpaka blanketi linakosa uhai, na cheche ya jiko la kuni haiuachi salama. Bibi anayekaa jikoni karibu na moto, kama wangu, asipewe wa akriliki wa kujifunika huko. Uwe wa sebuleni na kitandani.

Pamba ni nzuri ngozini lakini nzito. Blanketi la pamba likilowa, mzee hawezi kulikamua peke yake, na Julai ya ukungu huchukua siku mbili au tatu kukauka. Mimi pamba naiachia vitambaa vya makochi na blanketi la mtoto wa pwani.

Sufu halisi ndiyo inayoshinda Julai. Inatunza joto hata ikiwa na unyevu, na hairukii moto kwa wepesi. Ila mpya ni ghali na haipatikani kila duka, inajikunyata ikifuliwa kwa maji ya moto au ikisuguliwa, na nondo wanaipenda. Njia niliyotumia ni mitumba: nunua sweta kubwa la sufu, ulifumue. Kabla ya kulipa angalia mishono ya ndani. Ikiwa kingo zimekatwa na kupigwa ovaloki, uzi utatoka vipande vipande, liache. Ikiwa vipande vimeshonwa pamoja kingo zikiwa nzima, utapata uzi mrefu. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uloweke, kisha uuning'inize na chupa ya maji chini yake ili unyooke.

Kutumia mabaki si jambo la kujifichia, hata hivyo. Mwaka 1885 jarida la wakulima la Chicago, Prairie Farmer, lilipochapisha maelezo ya mraba wa namna hii, lilikuwa linaeleza namna ya kuyapa kazi mabaki ya nyuzi. Midogo themanini inapokea mabaki vizuri kuliko yote. Mraba mkubwa haupokei, maana mzunguko wa nje ukikatikiwa uzi wa kijani katikati ya upande, kijani kingine kisichofanana kitaonekana toka mlangoni. Kwa mkubwa na kwa kumi na miwili, nunua uzi wote siku moja na uhakikishe namba ya rangi kwenye karatasi za madonge inafanana. Kilo moja na robo inatosha kwa vipimo nilivyotaja. Ukitaka mraba uliojaa, usio na matundu kati ya mafungu, ongeza nusu kilo; una joto zaidi, lakini mimi naona matundu yenyewe yanashika hewa ya kutosha, hasa mtu akitandika khanga chini yake.

Nyekundu ina mtihani wake. Shangazi ndiye aliyenifundisha. Nilimpelekea donge nililolipenda, nikamwamkia, akalichukua kabla hata hajaitikia vizuri.

"Marahaba, mwanangu. Huu umeulaza na kitambaa cheupe?"

"Bado, shangazi."

"Basi bado si wako."

Unakata kipande, unakilowanisha maji ya uvuguvugu na sabuni, unakikunja ndani ya kitambaa cheupe chenye unyevu mpaka asubuhi. Kitambaa kikiamka cha waridi, uzi huo usiukutanishe na nyeupe. Donge langu lilishindwa mtihani.

Sikukuu iwe kwenye rangi au kwenye picha?

Kuna miraba yenye mti wa Krismasi katikati, yenye nyota, yenye uso wa Baba Krismasi wa kushonelea. Nyota nazipenda na ni rahisi: zinafumwa kama ua lenye ncha kwenye mizunguko miwili ya kwanza, kisha mraba unaendelea kawaida. Nyuso na miti ya kushonelea sizishauri. Inavutika, inakusanya vumbi, na muhimu kuliko hayo, baada ya tarehe 6 Januari blanketi linakunjwa na kuwekwa sandukuni pamoja na mapambo. Julai hakuna anayekwenda kulitoa. Mtoto chini ya miaka mitano ndiye ningemfumia lenye picha, kwa sababu yeye hana kalenda.

Kwa mtu mzima, sikukuu iwe kwenye rangi. Na nyekundu, kijani na nyeupe hatuhitaji kuziazima popote: Desemba mikrismasi imechanua wekundu barabarani Moshi, kahawa za mwisho zimeiva shambani, isale, mmea wetu wa mipaka ya mashamba, liko na kijani chake, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko juu na weupe wake. Nilipomwambia bibi kwamba blanketi lake ni la Krismasi, alisema yeye anaona kihamba chake, shamba lake la kuzunguka nyumba.

Usizipe rangi tatu uzito sawa. Nyekundu na kijani zikilingana zinagombana na macho yanachoka. Chagua moja itawale, kama kijani kibichi kilichoiva kwa nusu ya uzi wote, nyekundu robo, na robo inayobaki gawa kati ya nyeupe na rangi ya kahawia au dhahabu. Rangi ya kuunganishia na pindo iwe hiyo inayotawala. Blanketi langu la kwanza lina pindo jeupe, na udongo mwekundu wa Marangu umeshalifanya la rangi ya chai. Sabuni zote zimeshindwa.

Kuunganisha

Kwa midogo, unganisha unapofuma: mzunguko wa mwisho wa kila mraba unaushika wa jirani kwenye nafasi zake, na ile mita 21 inapotea yenyewe. Inabidi uwe umefuma mizunguko minne ya miraba yote kwanza na kuipanga sakafuni uone rangi zinavyokaa. Kwa kumi na miwili, hasa iliyotoka mikono tofauti, shona kwa sindano na uzi uleule, ukichukua kijicho cha nje tu cha kila kishono, maana sindano ya kushonea inasamehe tofauti ndogo za urefu kwa namna ambayo kroshia haisamehi.

Mwaka huu nafuma la nne, la shangazi mwenyewe. Kumi na miwili, sufu ya mitumba, kijani kikitawala, nyota katikati ya miraba minne tu ya kona. Wanne wale wale tumegawana tena, na binamu wa Dodoma ameshatuma miwili kwa basi. Mmoja una sentimita 38, mwingine 40. Nimeilowanisha jana usiku, imebanwa godoroni.